Kilo ya Ziada

Kwenye boti zinazopeleka wazamiaji Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, hakukosi kreti la plastiki lililojaa risasi: vipande vya kilo moja na vya kilo mbili, vilivyochubuka kwa kugongana miaka nenda miaka rudi. Boti ikikaribia mwamba, mwongozaji hupita na kreti lake akiuliza kila mtu anavaa ngapi.

"Kaka, wewe ngapi?"

"Nane."

"Nane! Na kisuti hicho chembamba? Nani kakupimia?"

"Ndizo nilizopewa nilipojifunza."

Mwongozaji hatabishana. Abiria ni mgeni, maji yanaanza kupwa, na risasi ipo ya kutosha. Atamhesabia nane, na dakika kumi baadaye mtu huyo atakuwa chini akiburura magoti mchangani, kidole cha mkono wa kushoto hakibanduki kwenye kitufe cha kujaza hewa. Hewa ya mtungi wake itakwisha kabla ya ya wenzake wote, asijue kwa nini. Safari ijayo akiulizwa tena, atasema nane.

Hesabu ya kuelea ni ya kale mno. Archimedes wa Siracusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyopisha nafasi yake. Mzamiaji na vifaa vyake vyote wakichukua nafasi ya lita 90, ziwani watasukumwa juu kwa kilo 90. Baharini, kwa ajili ya chumvi, ni kilo 92 na robo hivi. Kwa hiyo aliyezoea Pemba akisafiri kwenda kuzamia Ziwa Tanganyika, anapaswa kuacha ufukweni kilo mbili na kidogo, hata kama mwili, suti na mtungi ni vile vile. Watu wenye mafuta mengi mwilini huelea zaidi kuliko wenye misuli, na hilo nalo linaingia kwenye hesabu, ingawa si kwa kiasi kikubwa kama wanavyodhani wale wanaotazama kitambi cha mgeni na kumwongezea risasi mbili papo hapo.

Mambo yangeishia hapo, kila mtu angepimwa mara moja maishani na namba yake ikaandikwa kwenye cheti. Lakini mzamiaji si jiwe. Amebeba hewa mahali panne: mapafuni, ndani ya suti, ndani ya jaketi, na ndani ya mtungi. Hewa ya mtungini hupungua uzito kadiri anavyovuta. Hizo nyingine tatu hupungua na kuongezeka ukubwa kila anaposhuka au kupanda.

Tuiite presha ya juu ya bahari moja. Kila mita 10 za maji huongeza moja nyingine, hivyo mita 10 ni mbili, mita 20 ni tatu, mita 30 ni nne. Mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha kanuni inayobeba jina lake hadi leo: ukiiongeza presha ya hewa maradufu, hewa hiyo itajikunja ichukue nusu ya nafasi yake ya awali. Ukiipunguza, itajitanua vivyo hivyo. Suti ya neoprini, ambayo ni mpira uliojaa viputo vidogo, hupata maisha hayo hayo: juu ya maji inaelea sana, mita 20 chini imebonyea na kupoteza sehemu kubwa ya mwinuko wake. Kwetu pwani, ambako maji huwa kati ya nyuzi 25 na 29, suti ya milimita 3 inatosha na mabadiliko yake ni madogo. Anayevaa milimita 7 katika maji ya Ulaya hupoteza kilo kadhaa za mwinuko akishuka, na hana budi kuzirudisha kwa hewa ya jaketi.

Sasa tumrudie yule wa kilo nane, na tuseme angetosheka na nne. Akiwa mita 20, zile nne za ziada zinamvuta chini, naye hana la kufanya ila kuzijibu kwa lita nne za hewa ndani ya jaketi, kwa kuwa kila lita humwinua kwa kilo moja na ushee. Haya, ametulia. Anaona kasa juu ya mwamba, anapanda kumfuata mpaka mita 10. Presha imeshuka kutoka tatu hadi mbili, na zile lita nne zimekuwa sita. Kilo mbili zinamsukuma juu bila yeye kugusa kitufe chochote. Asipowahi kutoa hewa atajikuta mita 5, ambako lita zimefika nane na msukumo ni kilo nne. Hapo si yeye anayepanda tena. Anapandishwa.

Wengi hudhani risasi ya ziada ni mzigo tu, tabu ya kuubeba kutoka boti hadi majini, na kwamba afadhali izidi kuliko kupungua kwa sababu mzito hawezi kupaa. Kumbe kila kilo isiyohitajika inadai lita yake ya hewa, na ni hewa hiyo isiyotulia ndiyo inayompaisha. Mwenzake aliyevaa nne, akiwa mahali pale pale na kasa yule yule, ana hewa kidogo sana jaketini. Akipanda mita kumi kinachotanuka ni kidogo, na pumzi moja ndefu ya kutoa inatosha kumrekebisha.

Tena fujo hii ni kubwa zaidi karibu na uso wa maji. Kupanda kutoka mita 40 hadi 30 huongeza robo tu ya ukubwa wa kiputo, ilhali kutoka mita 10 hadi juu kiputo hicho kinakuwa mara mbili. Wanagenzi hupelekwa maji ya kina kifupi kwa sababu ni salama, na kwa mengi ni kweli. Kwa habari ya kuelea, hakuna mahali pagumu kama hapo.

Kuna upande wa pili, wa kushuka. Katika kuta za Pemba mwamba unakatika ghafla kuelekea mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Aliyezidisha uzito akisahau kujaza hewa anaposhuka, suti na jaketi vinazidi kubonyea, na kadiri vinavyobonyea ndivyo anavyozidi kwenda kasi. Kwenye sakafu ya mchanga ya mita 12 kosa hilo lingemwangusha magotini. Hapa hakuna mchanga.

Zamani za Ghuba, kwenye vyombo vya lulu vya Bahrain, Kuwait na Dubai, uzito ulieleweka vizuri kuliko unavyoeleweka leo. Mzamia lulu, waliyemwita ghais, alitia mguu kwenye kitanzi cha kamba yenye jiwe, akabana pua, akavuta pumzi, akaachiwa. Jiwe likimfikisha chini alilitoa mguuni, na saib, yaani mshika kamba wake aliyebaki chomboni, akalivuta juu papo hapo. Ghais alikusanya chaza akiwa mwepesi. Pumzi ikimwishia alitikisa kamba yake, saib akamvuta. Uzito wa kumshusha ulikuwa kazi moja, kukaa chini kazi nyingine, na jiwe halikuruhusiwa kushiriki katika zote mbili. Mgeni wetu wa kilo nane amevaa jiwe la kushukia na kuambiwa akae nalo saa nzima.

Kwa kiasi fulani lawama ni ya jaketi lenyewe. Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipokamilisha kipumulio chao huko Ufaransa mwaka 1943, hakukuwa na kitu cha kujaza hewa kifuani. Mtu alivaa mtungi, mkanda wa risasi, basi. Akikosea kilo mbili aliteseka mbizi nzima, kwa hiyo alijipima kwa makini, na marekebisho mengine yote aliyafanya kwa mapafu. Vizibao vya hewa kama vile alivyotengeneza Mfaransa Maurice Fenzy mwanzoni mwa miaka ya 1960 viliokoa watu wengi, na jaketi zilizofuata zimeokoa wengi zaidi. Sipendekezi mtu azivue. Ila zimefanya kosa la kilo nne lisionekane: unabonyeza kitufe, kosa linafichwa chini ya kiputo, na mwalimu akitazama kwa mbali anaona mtu anayeelea.

Mwalimu naye ana haraka zake. Ana wanagenzi wanne ambao hawajawahi kupumulia majini, na boti ina ratiba. Mtu anayeogopa hujaza mapafu mpaka juu halafu hupumua palepale juujuu, bila kuyatoa hewa. Mapafu yaliyojaa hivyo yanaweza kumzidishia lita mbili kuliko ya mtu aliyetulia, na lita mbili ni kilo mbili. Haendi chini. Dawa halisi ni kumshika mkono, kumtazama machoni, kumwonyesha kwa ishara atoe pumzi yote, polepole, mpaka mwisho, na kungoja. Hilo linataka dakika tano. Kipande cha risasi mfukoni kinataka sekunde tano. Namwelewa mwalimu anayechagua risasi siku ya kwanza. Nisichokielewa ni kutoiondoa siku ya tatu, hofu ikishatoka. Wanafunzi huhitimu wakiwa na cheti na risasi ya hofu ambayo hawana tena, na wanaihesabu kuwa sehemu ya miili yao.

Kupimwa kwenyewe si kazi kubwa. Unaingia majini mahali ambapo miguu haigusi chini, vifaa vyote mwilini, kipumulio mdomoni. Unainua bomba la jaketi na kutoa hewa yote. Unavuta pumzi ya kawaida, si ya kifua kizima, unaizuia kidogo na kutulia kimya. Uzito ukiwa sawa, maji yatakuja usawa wa macho. Kisha unatoa pumzi, na unapaswa kuanza kuzama polepole, utosi ukifunikwa bila haraka. Ukizama na pumzi ikiwa bado kifuani, punguza. Ukitoa pumzi yote na bado kidevu kiko juu, ongeza.

Kinachoharibu kipimo hiki mara nyingi ni miguu. Mtu akiwa wima majini hupiga mapezi bila kujijua, na kila pigo linamwinua, hivyo anaonekana mwepesi kuliko alivyo, anaongezewa. Akunje miguu na kuikingamanisha vifundoni, jibu litabadilika. Suti iliyotoka kuvaliwa, ikiwa haijalowa, nayo hubeba hewa katika mikunjo; iloweshwe kwanza, ivutwe shingoni maji yaingie.

Halafu kuna mtungi, ambao ndio unaochanganya hata wenye uzoefu. Mtungi wa alumini wa lita 11 hivi, ambao ndio wa kawaida sehemu nyingi, ukijazwa hadi baa 200 hubeba hewa yenye uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu. Hewa ina uzito, mtu husahau. Mwanzo wa mbizi mtungi huo huzama kidogo. Mwishoni, geji ikisoma 50, umegeuka na unaelea, unakuvuta juu kwa kilo moja na zaidi. Ndiyo sababu wapo wanaoshuka vizuri kabisa, wakazunguka mwamba wakistarehe, kisha wakashindwa kusimama mita 5 kwa zile dakika 3 za kungoja kabla ya kuibuka, wakijishikilia kwenye kamba ya boti kama bendera. Walipimwa kwa mtungi uliojaa, wakasahau kwamba kilo mbili za hewa zitatoka midomoni mwao kidogo kidogo.

Kwa hiyo mtu hupimwa kwa ajili ya mwisho wa mbizi. Akipimiwa na mtungi uliojaa, huongezewa kilo mbili, au mbili na nusu, kulipia hewa atakayoitumia. Kipimo bora hata hivyo ni kile cha kurudi: ukiwa mita 5, geji kwenye 50, toa hewa yote ya jaketi, uone. Ukitulia hapo ukipumua taratibu, umefika. Ukizama, ondoa kilo moja safari ijayo. Moja, wala si nne kwa mkupuo, maana wapo pia wanaojisifu kwamba wao huzamia bila risasi hata moja. Hawa hushuka kwa kupiga mapezi vichwa chini, na wakati wa kuibuka ukifika mtungi mtupu huwachukua juu wapende wasipende. Sioni cha kujivunia.

Uzito ukishakuwa sawa, ndipo mapafu yanapopata kazi yake. Pumzi ya kawaida ya mzamiaji aliyetulia huingiza na kutoa lita moja au mbili, na hizo zinatosha kumpandisha juu ya tumbawe na kumshusha upande wa pili bila kugusa kitufe. Mwanzoni watu hukata tamaa kwa sababu mwili hauitikii papo hapo. Unavuta pumzi, hakuna kitu, unavuta zaidi, kisha ghafla unapanda kupita kiasi, unatoa yote, unaporomoka. Mwili na vifaa vyake ni kitu kizito, hauanzi kwenda wala hausimami kwa amri ya sekunde moja. Anza kutoa pumzi kabla hujafika unakotaka. Pumzi isizuiwe hata kidogo wakati wa kupanda: mapafu yaliyofungwa yanaweza kuumia kwa kupanda mita moja na kidogo tu, na hilo halina mjadala.

Mahali risasi inapokaa pana maana kama wingi wake. Mabaharia wa majahazi wanajua kwamba farumi iliyopangwa vibaya hulaza chombo hata kama uzito wake ni ule ule uliotakiwa. Mzamiaji mwenye risasi zote kiunoni na hewa yote kifuani hukaa majini mshazari, kichwa juu na miguu chini. Kila pigo la mapezi linamsukuma mbele na juu kidogo. Ili asipande, anatoa hewa na kuwa mzito. Sasa hawezi kuacha kupiga miguu, akiacha anazama. Anaogelea kwa bidii mbizi nzima ili tu abaki pale alipo, na hewa inaliwa na bidii hiyo. Nusu ya risasi ikihamishiwa juu, kwenye mkanda unaofunga mtungi, magoti yakipindwa na macho yakitazama mbele badala ya chini, mwili hulala. Mara nyingi baada ya hapo mtu hugundua kwamba anaweza kuondoa kilo nyingine.

Miguu inayoning'inia ina hasara yake kwa wengine pia. Matumbawe yenye matawi hukua kiasi cha sentimita 10 kwa mwaka yakifanikiwa. Yale ya mviringo, makubwa kama vichuguu, hukua karibu sentimita moja. Bonge la urefu wa mita moja linaweza kuwa na umri wa karne. Miamba yetu iliathirika vibaya mwaka 1998 maji yalipopata joto na matumbawe yakapauka, na kurudi kwake kumekuwa kwa taratibu. Watamu imehifadhiwa tangu 1968 na hifadhi ya bahari ya Mafia tangu 1995, na humo mgeni haruhusiwi kuokota hata kombe. Mwenye kilo nne za ziada haokoti kitu. Anavunja tu, kwa ncha ya pezi, nyuma yake, asikoona. Ningekuwa na mamlaka, kabla ya mtu yeyote kushushwa Chole Bay, huko Mafia, ningetaka aelee mita moja juu ya mchanga kwa dakika mbili bila kutumia mikono.

Risasi iwe rahisi kuachia. Ripoti za vifo vya wazamiaji, zikiwemo zile zinazokusanywa na Divers Alert Network ya Marekani, zimerudia jambo moja kwa miaka mingi: marehemu wengi hupatikana wakiwa bado wamevaa risasi zao zote. Baadhi yao walikwisha kufika juu ya maji na kuzama tena. Bizimu ya mkanda ivutike kwa mkono wowote, isifichwe chini ya jaketi, na mifuko ya risasi ijaribiwe ungali kwenye boti, kwa kuivuta kweli na si kuigusa tu.

Yaliyobaki ni ya daftari. Baada ya kila mbizi andika uzito uliovaa, suti gani, mtungi wa alumini au wa chuma, maji ya chumvi au ya ziwa, na ulivyojisikia mita 5. Namba peke yake haifai kitu. Suti mpya huelea kuliko iliyochakaa, na mtungi wa chuma huendelea kuzama hata ukiwa mtupu, hivyo kilo mbili au tatu huondoka palepale. Aliyezoea kilo tatu Mnemba, akipata safari ya Scotland na kuvaa suti kavu juu ya nguo za sufu katika maji ya nyuzi 8, huenda akahitaji zaidi ya kumi, na hata moja kati ya hizo haitakuwa ya ziada.